Barua ya Kudai Mwanga

Saa nne asubuhi, Mbagala Kizuiani,
nawasha taa ili nitunge uzi.
Nje watu wamefungua miavuli kwa ukali wa jua,
ndani mwangu usiku haujafunga virago.
LUKU ya elfu tano niliyoingiza Jumatatu
Jumatano inalia kama kifaranga.

Ni mkungu wa Bi Chausiku.
Ulipandwa kwenye kopo la maziwa,
sasa una ghorofa, tawi juu ya tawi,
na la chini kabisa limelaza kiwiko kwenye bati langu.
Majani mekundu yameziba mfereji.
Popo wanaangusha kungu tangu isha hadi alfajiri,
nami nashona sare za darasa la kwanza kwa kupapasa,
kifungo cha nne kwenye tundu la tano.
Mama mmoja alilirudisha shati:
"Fundi, mwanangu kapinda?"

Nikaenda kwa mjumbe wa shina.
Akasema shina lake ni la watu, la mti halimhusu.
Nikaenda Mtaa. Mtaa wakasema, andika barua.
Barua ikapanda Kata,
ikakaa Kata wiki sita,
na Kata, pamoja na jina lake, haikukata.

Hebu nikiri kosa. Ni la kalamu.
Niliandika kwa haraka, gizani:
jirani yangu Chausiku ni tatizo la mwanga.
Karani akaisoma kwa sauti, ofisini pamejaa watu.
Ilipofika gengeni kwa Mama Tabia
ilishapoteza maneno mawili njiani:
Chausiku ni mwanga.

Na jina lenyewe Chausiku! Halikumtetea.
Na popo nao, wananing'inia pale kama ushahidi.
Kufikia Ijumaa hakuna aliyenunua vitumbua vyake.
Watoto wa Likwati wakimwona wanavuka barabara.
Mimi nikajifungia na taa yangu,
nikalisikia lango lake, saa mbili tu,
sinia likirudi kama lilivyotoka.

Jumapili nikabisha hodi.
Nilikuwa na maneno; yakakimbia.
Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye ndara.
"Umekuja kuona ungo ninaorukia?
Uko jikoni. Napetea mchele."

Akanipitisha chumba cha nyuma.
Mumewe, Mtitu, amelalia upande mmoja tangu kiharusi,
uso umeelekea dirisha la magharibi.
"Saa tisa jua lingempiga machoni, na kujigeuza hawezi.
Feni niliuza. Nina mti."

Sikujibu. Wewe ungejibu nini?
Nikamsaidia kumgeuza.
Alikuwa mwepesi kama mto wa sufi.

Tukamwita Selungwi, wa kamba na panga,
elfu kumi na tano, nusu kwa nusu.
Chausiku akasimama chini, anaelekeza kwa mwiko:
"Hilo lililolalia bati la fundi, teremsha.
Hilo jingine ukiligusa, nakugusa."
Yakashuka matawi mawili na kijitawi.

Sasa jua linaingia kwangu saa tatu,
kipande kisichozidi khanga,
linakaa juu ya cherehani mpaka saa tano na ushei, linakwenda zake.
Sindano naiona. Naona na vumbi, na nyufa,
na ukutani, kando ya swichi,
weusi wa vidole vyangu vya miaka mitatu.

Barua bado inatembea. Nimekwenda kuifuta mara mbili,
wanasema imeshapanda Wilayani.
Kwa hiyo kila asubuhi nanunua vitumbua vinne,
navila nimesimama mlangoni pake, mtaa unione,
hata siku ambazo tumbo halitaki.

Tulikata Machi. Masika yamenyesha,
na penye kovu pameshachipua vidole vya kijani.
Jana Chausiku alichungulia juu ya ukuta, panga mkononi, anacheka:
"Fundi, likifika tena kwenye bati
usiandike."