Bibi Awe x

Mwalimu Lali aliandika ubaoni
mabomba mawili na tangi:
hili hulijaza kwa saa nne, lile kwa saa sita,
yakifunguliwa pamoja litajaa lini?
Tukatazamana darasa zima.
Kwetu Mkomani bomba hukoroma tu,
maji huja Jumanne, yakipenda.

Basi nikafuta mabomba, nikaweka sindano.

Mama hushona kofia ya vito kwa siku arobaini.
Mimi, mwanagenzi, sitini.
Kombo Shekuwe ameleta bafta na hariri,
anaitaka kabla ya Maulidi.
Mama ashike ukanda, mimi duara la juu:
siku ngapi?

"Mia," alisema Mama, uso hakuinua.
"Tutakaa tukipiga soga."

Mimi nikajumlisha, nikagawa kwa mbili,
nikapata hamsini, nikafurahi,
mpaka nilipojiuliza vipi Mama
peke yake amalize kwa arobaini
na akipata msaidizi achelewe siku kumi.
Mimi ni msaidizi au ni mzigo?

Siku hazijumlishwi, alisema Mwalimu,
akagonga chaki hadi ikavunjika.
Uliza siku moja imekata kipande gani.

Nikaigawa kofia vipande mia na ishirini,
maana humo arobaini huingia mara tatu
na sitini mara mbili, bila mabaki.
Mama vitatu kwa siku. Mimi viwili.
Vitano!
Ishirini na nne, nikamtangazia Shekuwe
pale barazani kwake,
kama kadhi aliyeuona mwezi.

Siku ya kumi nikahesabu.
Ilipasa viwe hamsini, vilikuwa arobaini.
Nikahesabu tena kwa ncha ya kalamu.
Jioni tunaacha vitano vipya, asubuhi viko vinne.
Panya gani huyu,
ala uzi aache kitambaa?

Usiku wa kumi na moja nilijifanya nimelala.
Bibi Mwanashee aliketi gizani,
kofia gotini, akiipapasa.
Kidole kilipita, kikapita, kikasita.
Kisha wembe.

"Ndoo hapa," alisema bila kugeuka,
"kukoroma kwenyewe hujui.
Hiki ni kitundu cha kofia au ni jicho la panzi?
Mato yangu yamekwisha, vidole vingaliko."

Nikarudi kwenye daftari.
Moja juu ya arobaini, jumlisha moja juu ya sitini,
toa moja juu ya x,
sawa na moja juu ya thelathini,
kwa kuwa siku kumi zimezaa arobaini tu.
Bibi awe x.
Nikamvusha ng'ambo ya alama ya sawasawa;
alikuwa toa, akawa jumlisha.
x ikatoka mia na ishirini:
aachiwe kofia nzima peke yake
ataifumua kwa miezi minne,
bila taa, bila haraka.

Hesabu haikuuliza vilivyofumuliwa ni vya nani.
Mimi nilijua.
Katika viwili vyangu, kila usiku, kimoja.
Cha Mama hakukigusa.

Shekuwe aliipata siku ya thelathini,
Maulidi yameshapita, matwari yamesharudi kabatini.
Akakata mia tano, akanuna, akaivaa.

Mtihani wa muhula ukaleta tangi tena,
mabomba mawili, na chini tundu linavuja.
Nikaandika: Bibi awe x.
Mwalimu Lali alinipa alama zote,
akalizungushia neno Bibi wino mwekundu
na kiulizo pembeni.

Mpaka leo sijamjibu.
Ijumaa nikipishana na Shekuwe Langoni
naiba jicho juu ya kichwa chake.
Duara langu, ukanda wa Mama:
utadhani mkono mmoja.