Tiki Tatu, Kisha Kimya

Nilikwenda Ngamiani, Barabara ya Tisa,
jasho likinitangulia, khanga imekaa upande,
nikasimama mbele ya kibanda cha mafundi, nikasema:
"Friza yangu imekufa. Nisaidieni, haraka."

"Pole," akasema Hoza, macho hakuyainua.
Kiluwa, yule mwenye miwani iliyofungwa uzi,
akauliza, "Imekufaje?" Nikajibu, "Imekufa tu."
Nikasikia risasi ikiyeyuka juu ya waya,
nikasikia redio ya jirani ikitaja bei ya mkonge.
Jibu sikulisikia.

Nikarudi Makorora nimevimba kama unga wa hamira.
Barafu za ukwaju, mia na ishirini,
zilikuwa zinarudi kuwa maji ndani ya vifuko vyake,
na watoto wa shule wako mlangoni, mia mia mkononi.
Kuuliza si ujinga: nilifundishwa hivyo.
Hakuna aliyenifundisha
kwamba kuna kuuliza, na kuna kutua mzigo
kwenye kizingiti cha mtu, kisha ukajifuta mikono.

Usiku niliketi sakafuni na daftari la madeni.
Nyuma ya ukurasa wa Bi Rukia, anayedaiwa elfu nne,
nikaandika:

Saa mbili na robo. Taa ya kijani inawaka.
Tiki. Nahesabu hadi arobaini. Tiki.
Arobaini tena. Tiki. Kisha kimya.
Nyuma, kile chungu cheusi (jina lake silijui)
kinaunguza kiganja. Mabomba ya juu
hayana joto wala baridi.
Ilianza Jumatatu, umeme ulipokatika na kurudi mara tano.
Nimechomeka pasi kwenye soketi ileile: imechemka.
Nimeisogeza mbali na ukuta: haikusaidia.

Nilitaka kuongeza, "nadhani gesi imekwisha,"
kwa sababu shemeji alisema gesi,
na shemeji husema gesi hata bawaba ya mlango ikilia.
Nikafuta. Nikaacha nilichosikia, si nilichoambiwa.
Halafu, kwa herufi ndogo, kwa aibu:
Jumapili nilimwagia maji nyuma nikiosha.
Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Asubuhi nikamsubiri Hoza amalize waya wake.
Nikasoma. Neno "haraka" nililiacha nyumbani.
Kwenye tiki ya pili Kiluwa alivua miwani.
Kwenye chungu cheusi Hoza alinyoosha mkono
akapunguza sauti ya redio isiyo yake.
"Arobaini kamili?"
"Kamili. Nimehesabu mara tatu."
Wakatazamana kama watu
waliotajiwa mtoto mtundu wa mtaa wao.
"Gesi haihusiki," akasema Hoza. "Ni rilei.
Kidude cha ukubwa wa kiberiti, elfu nane.
Na maji yako hayana kosa, lala salama."

Jioni ikanguruma.
Kesho yake nikarudi, na hakuna aliyeniita,
nikawaambia imeganda hadi pembeni,
na kwamba skrubu ya kushoto ina kutu:
atakayefuata aanze na ya kulia.
Kiluwa akaiandika ukutani kwa chaki,
chini ya namba ya muuza chapati.

Limebaki la nyumbani.
Tangu kiwanda kipunguze watu,
kila siku namuuliza Mbaruku, "Una nini wewe?"
Naye hujibu, "Sina kitu,"
na kweli, kwa swali lile, hana.

Jana niligeuza ukurasa mwingine.
Nikamwambia: Alhamisi uliporudi hukuvua viatu.
Ulikaa mlangoni hadi adhana ya isha.
Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena.
Ulikuwa unasikiliza nini?

Akanitazama.
Sikumsaidia kwa neno, wala sikumtajia gesi.
Nilihesabu kimoyomoyo,
nikawa nimefika thelathini na saba
alipofungua mdomo.