Mtoto wa Jicho

Nimelea watoto saba. Wa nane sikumzaa:
aliingia jichoni bila hodi,
akakaa miaka mitatu, hakulia hata siku moja,
akinenepa kwa nuru yangu.

Langoni wakaniambia: Mzee Athmani, huo ni utu uzima.
Nikaitika. Utu uzima siku hizo ulibebeshwa kila kitu:
goti, usingizi mwepesi, ukali wangu wa asubuhi.
Sindano nikaichomeka ukosini mwa kanzu kuukuu,
kofia iliyobaki nusu nikaifunga kitambaa,
vitundu vyake mia mbili havijazungushiwa uzi.
Mtu aliyezoea kuhesabu vitundu
akaanza kuhesabu hatua:
tisa hadi mlangoni,
na ya kumi ni kizingiti.

Mfungo Saba, wageni wa Maulidi wamekwisha kurudi makwao,
daktari kijana akamtoa yule mtoto
kwa muda wa kunywa kahawa vikombe viwili.

Bandeji ilipofunguliwa, nilianza kuona ukucha wa nesi,
hina imepanda nusu.
Kisha Mwanahaji.
"Mbona umezeeka?" Ulimi ulinitangulia.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Nimezeeka nikikushika mkono. Ndoo ujitazame kiooni
kabla hujanitangaza."

Nyumbani ndiko nilikoona.
Kamba niliyoishika kila usiku nikienda chooni,
nikidhani ni ya kuanikia nguo,
imepigiliwa misumari usawa wa kiganja changu
na haijapata kuanikwa hata leso.

Mchana, wali na changu wa kupaka.
Thureya, mke wa mwanangu, ameinamia sahani yangu
anachambua miba, anaipanga ukingoni,
vidole vimezoea, havisubiri kichwa.
Miaka mitatu nimekula samaki asiye na mwiba
nikimsifu mvuvi.

Na gazeti alilonisomea Shekuwe kila Ijumaa
nikaliona: ni moja tu, la mwaka juzi,
limelegea mikunjo kama kitambaa.
"Na ile habari ya punda wa serikali kulipwa pensheni?"
Mjukuu akatazama vidole vya miguu.
"Babu, uliipenda. Nikawa naiongeza."

Nilikuwa nasema alhamdulillahi
kama mtu atoaye nauli: haraka, macho yako kwingine.
Sasa neno lile linanikwama.
Kila nikilianza, lataka majina.

Jioni nikaivuta sahani ya Thureya.
Akaona haya, akakataa. Nikamwambia acha mzee ajifunze.
Nilichambua kwa jicho moja jipya na moja la zamani,
nikamrudishia, nikijiona fundi.
Tonge la tatu akakohoa.
Nilikuwa nimesahau mmoja.
Akakohoa, akacheka, machozi yakamtoka,
Mwanahaji akimpiga mgongoni na kunitazama mimi.

Kitambaa nimekifungua. Aliyeiagiza kofia ile
tulimzika mwaka wa pili wa kiza changu;
nilimsindikiza nimeshika bega la mtu.
Uzi umeingia tunduni mwa sindano mara ya nne.
Nimemvisha Shekuwe: imemshuka hadi puani,
anaitazama dunia kupitia vitundu.
"Kubwa, Babu."
Naona.
Nashona kidogo kidogo, vitundu vinne kwa siku,
nakipa kichwa nafasi.