Kipande Namba Tisa

Vipande kumi na viwili nilivipigilia juani
juu ya paa la zege la karakana, Cheyo, Tabora:
lami ya kuviringisha, lami ya kumimina,
mpira mweusi, nailoni iliyofumwa nyuzi,
na ile saruji ya kupaka kwa brashi
ambayo muuzaji aliniapia, mkono kifuani,
"Miaka ishirini, dada. Hata jasho halipiti."

Miaka ishirini sinayo.
Ripoti inatakiwa kabla ya Novemba.

Ndiyo maana tuna tanuri.
Nyuzi sabini, majuma kumi na mawili,
na taa ya zambarau inayojifanya jua.
Mle ndani mwaka ni kitu cha kupika,
kama maharage: funika, ngoja, onja.
Kila Jumatatu natoa kipande,
nakikunja juu ya bomba la inchi moja
nikiwa nimetega sikio.
Kikinyamaza, bado kijana.
Kikisema ka! kimezeeka,
hata kama kimetoka kiwandani mwezi Machi.

Kashindye, mtandaza lami, vidole vina makovu ya mapipa,
analicheka tanuri langu.
"Linalijua jua, sawa. Kunguru je?
Linamjua mama Milembe anayeanika michembe
juu ya paa la watu, na visigino vyake?
Linamjua kijana wa ungo wa televisheni,
misumari minne, kashuka, kalipwa?"
Yeye hajalipwa tangu Juni.
Nikaandika: kunguru.
Nikafuta. Fomu haina safu ya kunguru.

Jaribio la pili ni maji yenyewe.
Tunaziba bomba la paa kwa tambara,
tunajaza vidole vitatu, tunangoja siku mbili.
Usiku wa kwanza vyura wawili walishafika;
nani aliwapa habari, kiangazi kile, sijui.
Mimi chini, na tochi, shingo imekakamaa,
naisoma dari kama mtu asomaye barua ya deni.
Maji hayana nguvu, yana ukaidi.
Hayabishi hodi mlangoni. Yanauliza kila tundu,
kwa upole, tena na tena, usiku kucha.

Nyumbani Isevya nililala na sufuria ubavuni
tangu nina miaka saba.
Wanasema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Mchukuzi wetu alikuwa mkandarasi:
mifuko ya saruji ilipungua njiani,
naye akatembea wima.

Ijumaa, nikikwangua kuvu chini ya tangi,
nikakikuta: kipande cha lami, waya wa shaba,
kibati kilichochorwa kwa msumari. 9. Mei 1994.
Nikafungua daftari kuukuu la Bwana Shigela,
aliyekuwa hapa kabla ya aliyekuwa kabla yangu.
Mwandiko umeinama kama mtu anayepanda kilima:
"Kipande namba 9 hakionekani. Kihesabiwe kimekufa."

Lami ile ile tanuri liliiua wiki ya tatu.
Nikakipeleka kwenye bomba. Nikatega sikio.
Kikajikunja kama ulimi.
Kimya.

Labda ni kivuli cha tangi. Labda tone la koki mbovu
lililokipoza miaka yote hiyo bila mtu kuona.
Labda ni kusahauliwa tu:
hakuna aliyekikunja kila Jumatatu
kukiuliza kama kingali hai.

Ripoti ilikwenda bila namba tisa.
Nimekirudisha pale pale, na kibati kipya.
Umri: miaka thelathini na moja. Hali: bado.
Kashindye akauliza kama malipo yake nayo
yako chini ya tangi.

Usiku huu radi inanguruma upande wa Urambo.
Sikwenda kulala.
Nimeweka beseni katikati ya karakana,
mdomo juu,
na karatasi, na saa, na sikio.