Tandikeni

Mvua ya Kibigori haibishi hodi.
Unasikia tu mabati ya shule ng'ambo ya reli yakilia,
kisha udongo mweusi, uliopasuka jana kama kisigino,
unafumba nyufa zake zote kwa pamoja
na chochote kilicho juu yake kinakuwa chake.

Sisi tulikuwa juu yake:
trekta ya Ogalo, nyekundu iliyochujuka,
trela yenye tani saba za miwa ya Dorka Abuya,
na mimi utingo, miguu mitupu,
kazi yangu kufunga mnyororo na kuitikia "sawa".

Gurudumu la nyuma lilizunguka mara ya kwanza
likatuchapa matope usoni.
Mara ya pili likachimba.
Mara ya tatu Ogalo akazima injini,
akashuka, akapima kwa fimbo.
Hakutukana.
Hapo ndipo nilipoogopa.

Muwa uliokatwa ni kama maziwa yaliyokamwa, una saa zake;
unanyauka, unapungua uzito,
na mizani ya kiwanda haijui mvua.
Dorka alikuwa amengoja miezi kumi na minane,
na wiki tatu juu yake, za kibali cha kukata.
Alisimama pembeni, gunia kichwani,
akihesabu kitu kwa midomo. Deni la mbolea? Karo?
Sikuuliza.

Wakataji walirudi na majembe.
Wafula na nduguye walichimba mpaka mpini ukavunjika.
Chelagat, mpika uji, alichota maji ya shimo kwa sufuria.
Tulitupa mawe; tope likayala.
Tulitupa matawi ya mkuyu; likayala.
Tukaweka mabega kwenye chuma:
"Moja, mbili..."
na kila mtu akawa na tatu yake.

Ndipo Dorka akavua gunia.
"Tandikeni miwa."
"Mama," Ogalo akasema, "hiyo ni pesa."
"Nimetandikia wagonjwa. Nimetandikia maiti.
Leo natandikia trekta. Tandikeni!"
Akapanda trela mwenyewe, sketi kaifunga fundo,
akavuta mganda wa kwanza, akautupa chini ya gurudumu
bila kutazama ulipoangukia.

Tukapokezana, mkono kwa mkono,
tukaipanga kama fito za dari.
Sukari ikabinywa matopeni, harufu yake ikatutia njaa.

Na nani yule anayekuja na maksai wanne?
Barnaba Oyoo, jirani,
asiyesalimiana na Dorka tangu kesi ya mpaka.
Hakusalimu hata siku hiyo.
Aliniuliza mimi, mdogo kuliko wote:
"Mnyororo uko wapi?"

Chelagat akamwaga maji, akaigeuza sufuria,
akaigonga kwa mwiko: ngo, ngo,
na ngo ya tatu ikawa yetu sote.
Maksai wakainama. Ogalo akakanyaga. Moshi.
Muwa ulivunjika chini yetu kama mifupa,
ngo, ngo,
goti langu limezama, shavu langu liko kwenye bati baridi,
ngo...
tukaanguka kifudifudi, wote,
kwa sababu kile tulichokiegemea kilikuwa kimeondoka.

Oyoo alifungua mnyororo akaenda zake.
Kiwandani, usiku, karani alimulika trela kwa tochi:
"Matope haya tutayakata kwenye uzito."
Ogalo akacheka mara ya kwanza siku ile.
"Kata, bwana. Yametukata sisi kwanza."

Baada ya wiki tano, katikati ya njia,
mistari miwili ya miwa ilichipua
pale pale magurudumu yalipopita.
Hakuna aliyeing'oa; Ogalo aliizunguka.
Mstari mmoja uliliwa na maksai wa Oyoo.
Dorka aliona.
Hakwenda mahakamani.