Safu ya Kulia

Daftari la kurasa thelathini na mbili,
la Ngamiani, shilingi mia tano,
hukaa mfukoni mwa gauni jeupe pamoja na kipimajoto.
Kushoto Kidigo, kulia Kiswahili.
Kihaya changu hakikupata safu.

Chitswa: kichwa. Mvula: mvua.
Madzi nimeyaandika mara saba
na bado ulimi ukiyafikia unateleza,
unarudi kwenye maji.

Hapa Bombo, wodi ya pili,
Bi Mwanamisi ndiye msahihishaji.
Hubana meno, "dz, dz,"
kama anayefukuza inzi,
kisha hucheka hadi mpira wa dripu unatikisika.

Jumanne alinipa neno bila maana.
"Kesho," akasema. "Leo nimechoka."
Nikaliandika kwa penseli.

Jumatano nilikuta shuka mpya, imenyooshwa.

Nimemuuliza mfagiaji, nimemuuliza muuza uji.
Mwanawe alikuja kuchukua kanga na birika;
akalisoma neno, akalirudia,
akanirudishia daftari.
"Hilo," akasema, "lilikuwa lake mwenyewe."

Sijalifuta.
Zamu ya usiku ikitulia
nabana meno, nalitamka polepole,
na ulimi,
kwa neno hili moja nisilolijua,
hautelezi.