Sekunde Sita

Jumapili, saa tatu usiku. Theluji ya Kuopio imepanda hadi dirishani.
Simu nimeizima. Soksi niifumayo imefika kisigino.
Mpelelezi anashuka garini kichwa wazi,
nyuzi ishirini chini ya sifuri!
Vaa kofia, mama, ndipo uwatafute wauaji.

Wiki nzima nimemng'ang'ania daktari wa meno.
Mtu hakunji leso vile kama roho yake ni safi.
Raimo wa nyumba ya pili anasema
ni mpiga kinanda wa kanisa.
Hatuzungumzi. Tunagonga ukuta:
moja, nimemjua; mbili, umepotea.

Sasa banda la boti linafunguliwa.
Usiingie. Nakwambia usiingie!
Kaingia.
Tochi inapita juu ya kamba, ndoo, barafu,
inarudi kwenye ndoo.
Glavu. Na ndani yake kijikaratasi
chenye nambari za nyimbo za ibada.

Salaala! Mpiga kinanda.
Raimo atanisimanga hadi Pasaka.

Lakini ukuta uko kimya.
Runinga yake huchelewa sekunde sita, fundi ameshindwa;
upande ule glavu haijaokotwa,
daktari wangu bado ana hatia.
Nahesabu. Nne. Tano.

Nane.

Kumi na mbili, nimesimama, sikio ukutani,
muziki wa mwisho unalia kwake kama kwangu.
Raimo, gonga basi, nimekubali —

choo kinavutwa maji,
miguu inakimbia,
kisha ngumi yake, moja, halafu nyingine ndogo,
kama mtu anayeuliza.

Narudi kitini. Kisigino hakijaisha.
Sigongi ng'o.